Wimbo Unaolala Mpaka Agosti

Siku waya wa mwisho ulipopita juu ya dari na kutokea jikoni, Nangila alipiga vigelegele peke yake, na jirani yake Wahu akaja mbio, mikono imejaa unga.

"Nani anaolewa?"

"Hakuna anayeolewa. Ndalu imeingia!"

"Ndalu gani?"

"Jikoni ndiyo Ndalu. Ingia usikie, bana."

Juu ya kabati la vyombo palikuwa na kisanduku cheusi chenye taa ya kijani, kimeunganishwa na spika mbili kuukuu. Nangila akaenda sebuleni kwenye kompyuta, akabonyeza, na mara gitaa la dansi la siku zile ambapo wanamuziki walijua kupiga ala likajaa jikoni.

"Na CD iko wapi?" Wahu aliuliza, akichungulia nyuma ya kisanduku.

"Iko chini ya kitanda, ndani ya katoni. Wimbo ndio uko kwa kompyuta. Kompyuta inautuma huku na waya."

"Kama simu?"

"Kama simu!" Nangila alimshika mabega. "Watu wote nimeeleza, ni wewe tu umeelewa."

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na tano, na Nangila alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, katika nyumba yake ya mabati pembeni mwa mji wa Kitale. Ujana wake wote aliumalizia mbele ya ubao wa simu. Wale waliozaliwa juzi hawajui ubao wa simu ni nini. Ulikuwa ukuta wa matundu, na mbele yake wasichana walioketi wima, kila mmoja na nyaya zake mkononi. Taa ikiwaka, Nangila alichomeka waya na kuuliza, "Namba gani, tafadhali?" Kisha alikuunganisha. Alimjua mfanyabiashara wa mahindi wa Moi's Bridge kwa kikohozi chake. Alijua mgonjwa wa nani amepona na wa nani amezidiwa, na hakusema. Siku hizi kila mtu ana simu mfukoni, na hana wa kumshukuru, kwa sababu hakuna aliyemuunganisha.

Baadaye ikaja mitambo inayojiunganisha yenyewe. Ubao ukatolewa nje, ukanyeshewa na mvua nyuma ya jengo, na wanawake waliojua nusu ya wilaya kwa sauti wakaambiwa waende nyumbani. Nangila akalima mahindi, akamzika mume, akasomesha watoto nao wakaenda zao. Kilichobaki kilikuwa mapenzi ya muziki na katoni tatu za CD.

Kwa hiyo aliposikia kwa Zahid, mwenye duka la kompyuta karibu na msikiti, kwamba kompyuta moja inaweza kupeleka nyimbo katika kila chumba cha nyumba, alishindwa hata kumeza chai aliyokaribishwa.

"Lakini Mama, hii ni kitu ya vijana," Zahid alimwonya. "Iko na waya mingi."

"Zahid, hao vijana walizaliwa nikiwa nimeshachoka na waya. Leta."

Zahid akaleta visanduku vitatu alivyoagizia ndugu yake ng'ambo, na programu ya kunakili CD. Nangila aliipenda programu ile kuliko kitu chochote. Ukitia CD ndani, ilisoma wimbo kipande kwa kipande, na pale ilipotilia shaka ilirudi nyuma ikasoma tena, na tena, mpaka yale iliyosikia yakubaliane. Hivyo ndivyo alivyofanya yeye zamani, laini ilipokuwa na kelele: rudia namba, tafadhali, rudia tena. Ikimaliza, ilimwomba jina la wimbo na la mwimbaji. Nangila aliyaandika kwa kidole kimoja, akiimba.

Vyumba vilihitaji majina pia, ili kompyuta ijue inapeleka wapi. Hakufikiri mara mbili. Alivipa majina ya mahali alipozoea kuunganisha watu: sebule ikawa Moi's Bridge, jikoni Ndalu, na chumba cha kulala Myanga, kwa sababu Myanga, kule Bungoma, ndiko alikozaliwa.

Na huko Myanga ndiko kulikokuwa na jambo lililomnyima usingizi.

Kaka yake mkubwa, Wabwile, alikuwa mpigaji wa litungu, kinubi cha kwao. Kabla kiharusi hakijamlegeza mkono wa kushoto, hakuna arusi wala mavuno yaliyofanyika pande zile bila nyuzi zake saba. Kanda alizorekodiwa ziliharibika, lakini kabla hazijaisha mtu mmoja mjini Bungoma alimhamishia nyimbo hizo kwenye CD za bei rahisi, naye akaziweka ndani ya mkebe wa biskuti. Katika mojawapo, nyuma ya litungu, mama yao anaongoza wimbo wa mavuno, halafu anacheka. Sauti ya mama haikubaki mahali pengine popote duniani. Na CD zile zilikuwa zinabambuka. Nangila aliiona ile ya mama Krismasi iliyopita: ngozi yake ya fedha ilikuwa imeanza kutoka ukingoni kama rangi ya dirisha.

"Nipe niinakili kabla haijakufa," alimsihi.

"Sipeani," Wabwile alisema. "Nyimbo si za kuachwa ovyo."

Alikuwa na sababu, na mwenye akili hawezi kumlaumu. Ule wimbo wa kumtoa kijana mtoni alfajiri, amepakwa matope, akielekea kwa mtahiri, huimbwa Agosti ya mwaka wa tohara tu, mwaka mmoja ndiyo na mwingine siyo. Nje ya hapo hata kuupiga mluzi ni makosa. Wazee walikuwa wakimchapa mtoto kwa kuuimbia puani tu. Halafu stesheni moja ya redio ikaupiga mwezi wa Desemba, ili kuuza sabuni. Wabwile aliizima redio yake siku hiyo na hakuiwasha tena.

Hatimaye alimkopesha dada yake CD moja, ya kumjaribu. "Wimbo wa nne ndio ule wa mtoni. Usiuguse. Jumamosi nakuja kusikia. Mashine yako ikiwa na adabu, mkebe wote ni wako. Ikikosa, usiniulize tena habari ya mama."

Jumamosi alifika na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Nangila aliona umbo la mkebe chini ya kitambaa. Hata chai hakumngojea amalize.

"Kaka, keti hapo Moi's Bridge. Sikiliza."

Litungu likaanza. Wabwile akainamisha kichwa, kama mtu anayesikia hatua za mgeni nje.

"Ni mimi huyo," alisema.

"Ni wewe. Sasa njoo Ndalu."

Alimvuta mkono mpaka jikoni, na huko pia nyuzi zilikuwa zikilia juu ya sufuria. Wakaenda Myanga, na Wabwile akasimama kando ya kitanda cha dada yake akicheka kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu augue.

"Ati niko vyumba vitatu mara moja! Na huku nalala njaa chumba kimoja."

"Na inaweza kujichagulia yenyewe," Nangila alisema. Furaha ilikuwa imempanda kichwani. "Ngoja uone. Nikibonyeza hapa inachanganya, hata mimi sijui itakuja gani."

Akabonyeza. Ukaja wimbo wa arusi. Ukafuata wimbo wa kumsifu ng'ombe dume. Kisha zikalia njuga, zikalia kengele za mikononi, na sauti ya Wabwile wa ujana wake ikautoa wimbo wa mtoni, vyumba vyote vitatu kwa pamoja, madirisha yakiwa wazi.

Kwenye kiwanja cha jirani mafundi walikuwa wakijenga. Koleo zikanyamaza. Halafu mmoja akaitikia, na wengine wakamfuata.

"Zima!" Wabwile alisimama. "Nangila, zima hiyo kitu!"

Nangila hakutafuta kitufe. Aling'oa waya wa kompyuta ukutani. Kioo kikawa cheusi. Wimbo ukaendelea.

"Umezima na bado inaimba!"

"Imeshameza!" Nangila alipiga kelele. Visanduku vile huvuta wimbo mbele kidogo na kuuweka tumboni ili usikatike, na sasa kila kimoja kilikuwa kikimalizia kilichomeza. Alikimbilia Moi's Bridge akang'oa, akakimbilia Ndalu akang'oa, na alipofika Myanga kisanduku kilikuwa kimeshiba kikanyamaza chenyewe.

Sauti ikaja juu ya ua: "Mama, huyo kijana amehepa kisu ama namna gani?" Mafundi wakaangua kicheko.

Wabwile hakucheka. Alichukua kikapu chake.

"Nilikwambia. Hii ni redio tu, wameipunguza mwili."

Nangila alisimama katikati ya sebule, nyaya zikimning'inia mkononi, na alipozitazama zile nyaya akakumbuka. Kule kwenye ubao, mwenye simu akisafiri, ulimtilia kijiti kidogo kwenye tundu lake. Hakuna aliyeweza kumfikia mpaka arudi na kijiti kitolewe. Mashine haikuwa na kosa. Opereta ndiye aliyesahau kijiti, akanakili CD nzima na wa nne ndani yake.

"Kaka, kosa ni langu," alisema. "Usikae, simama hapo hapo na kikapu chako. Lakini tazama."

Kompyuta ilichukua muda wake kuamka. Nangila alitengeneza folda nje ya ghala la nyimbo, akaiita Agosti. Akauhamishia humo wimbo wa nne, kisha akaiamuru programu ihesabu upya mali yake.

"Vaa miwani. Utafute."

Wabwile alisogea, kikapu kwapani. Alisoma polepole. "Kuna wa tatu. Kuna wa tano." Akasoma tena. "Wa nne umeenda wapi?"

"Umelala. Kompyuta haijui kama upo. Tunajua mimi na wewe."

"Ichanganye basi."

Akaichanganya. Wabwile aliweka kikapu chini, akaketi, akashika kipanya mwenyewe kwa mkono wake mzima. Akachanganya mara nyingi, akiitega mashine kama mtu anayemhoji mwizi. Nyimbo za arusi zilipita, za ng'ombe zikapita, na ule wa mtoni haukutoka.

"Na mwaka kesho?"

"Agosti ikifika naurudisha kwa mkono wangu. Ukisema."

"Nikisema." Alivua miwani. "Ile redio ningemwambia nani? Sikujua hata mlango wa kubisha. Hii kumbe ina mwenyewe."

Akafunua kitambaa.

CD ya mama ilikuwa imebambuka zaidi, na CD husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na wimbo wa mama ulikuwa wa mwisho, huko huko ukingoni. Programu ilikimbia mwanzoni, kisha ikapunguza mwendo, kisha ikaanza kurudi nyuma. Ikasoma. Ikarudi. CD ilivuma ndani kama nyuki. Ndugu wawili waliegemea meza, mabega yakigusana.

"Rudia, tafadhali," Nangila alinong'ona. "Rudia tena."

Ikamaliza. Iliandika kwamba kuna mahali pamoja haikukubaliana na nafsi yake.

Nangila akanyoosha kidole, akasita. Nje, mahindi ya Kitale yalikuwa hayajafika hata magotini, na huu ulikuwa wimbo wa mavuno. Akamtazama kaka yake.

"Tukague kama imeingia," Wabwile alisema. "Kukagua si kuimba."

"Nipeleke wapi?"

"Myanga."

Wakaketi kitandani. Litungu likatangulia, na mama akaingia juu yake, sauti kavu, yenye haraka, kama alikuwa na kazi nyingine inayomsubiri. Pakakatika kidogo, muda wa kope kupepesa. Halafu akacheka. Wabwile naye akacheka, palepale, kama aliyesikia mzaha leo, na vidole vya mkono wake mzima vikatafuta nyuzi juu ya goti.

Aliporudi Bungoma alibeba kitambaa na kikapu kitupu. Mkebe ulibaki.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya kwanza ya Agosti, simu ya mkononi ya Nangila ililia akiwa anasuka nywele za Wahu ugani. Aliona jina la kaka yake, akaketi wima.

"Namba gani, tafadhali?"

"Opereta," Wabwile alisema, "nipe Agosti."