Dini ya Mzee Bachan

Ngusa alikereza vyuma miaka ishirini na miwili katika karakana ya Mzee Bachan, Singasinga mmoja pale Kambarage, Shinyanga. Mimi nilikuwa naye humo humo, nikichomelea. Mashine za kusaga mawe ya dhahabu zililetwa kutoka Bugarama zimepasuka kama vyungu, na Ngusa alizirudisha nzima. Mzee alimwita mwanangu, yeye akamwita baba, na hakuna aliyekuwa anatania.

Ila ikifika saa saba mchana, baba alikula ndani, mwana akala nje, amekalia ringi kuukuu la trekta. Siku moja niliguna kwamba huko ni kumtenga. Ngusa akanifokea mbele ya wateja. Alisema Mzee amemweleza waziwazi kwamba dini yao hairuhusu kula na watu wasio wao, na dini ya mtu haichezewi. Alipozaliwa binti yake wa kwanza, mkewe Esta alichinja kuku, na kwa kuiogopa hiyo dini akapika pia maharage pembeni, katika chungu kipya kisichowahi kugusa nyama. Mzee alikuja, akatoa kitenge, akabaki amesimama mlangoni. "Dini, Ngusa," akasema. Na aliyeomba radhi akawa Ngusa.

Uzee ulipombana, Mzee aliuza karakana akahamia kwa mwanawe, kwenye mji mdogo wa pwani upande wa Tanga wenye Masingasinga wengi. Mwaka jana mwanawe alipiga simu: baba anaumwa, anakutaja. Ngusa akafunga mchele na michembe ya viazi vilivyokaushwa, akapanda basi.

Mji ulimpendeza na kumkera. Maduka yanafungwa adhuhuri ili wenyewe wakalale. Kwetu ukilala mchana unaulizwa kama umemeza dawa. Asubuhi wazee wenye vilemba wanatembea pekupeku ufukweni, hawana haraka, wanamsalimu kila mtu. Mzee alilia alipomwona. Chakula cha Ngusa kikawa kinaletwa chumbani kwake kwenye sinia, kwa heshima zote za mgeni, naye hakuwaza lolote.

Jumapili, Harjit, mke wa yule mtoto wa Mzee, alimchukua hekaluni kwao. Ngusa akavua viatu, akafunikwa kichwa kwa leso, akasikiliza nyimbo asizozielewa. Watu walipoinuka kwenda kula, yeye akatoka zake, akaketi ngazini kungoja sahani yake. Harjit akamfuata.

"Baba, mbona umekaa huku?"

"Nangoja chakula. Najua dini yenu hairuhusu tule pamoja."

Harjit alimtazama kama mtu aliyesikia msiba. "Nani kakwambia? Dini yetu inatukataza kukutenga. Hapa tajiri na maskini wanakaa chini pamoja, ndivyo tulivyofundishwa tangu mwanzo."

Akamketisha kwenye zulia, kulia kwake daktari, kushoto kwake mbeba mizigo wa stendi, Mdigo, ambaye alionekana mwenyeji kabisa. Mwenye maduka matatu akapita ameinama, anawatilia watu dengu. Ngusa alimaliza sahani, maana kwao chakula hakimwagwi, lakini aliniambia kila tonge lilimwita mjinga. Lile ringi la trekta angeweza kulisamehe. Kilichomuuma ni Esta na kuku wake, na mimi niliyefokewa kwa kusema kweli, na yeye mwenyewe aliyeutetea uongo huo kwa miaka yote kwa moyo safi. Alitaka kujua jambo moja tu: kama aliwahi kuwa mwana wa mtu yule hata siku moja.

Alimkuta Mzee kibarazani, blanketi magotini. Hakupaza sauti. Alisema ametoka kula hekaluni, kisha akamuuliza kwa nini alimsingizia Mungu wake miaka ishirini na miwili.

Ngusa anasema alikuwa tayari kupokea chochote, hata hasira, hata machozi ya uongo.

"Sikufikiri ungefika huku," Mzee akasema.

Ngusa alingoja aongeze neno. Mzee akaomba maji. Ngusa akamletea, akaishika bilauri mpaka akamaliza kunywa, kisha akaenda kufunga mizigo yake.