Mfongo Niliousafisha kwa Simu

Kwenye mkutano wa watu wa kujitolea, ukumbini kule Kiboriloni, mimi ndiye niliyenyoosha mkono. Ieleweke kwamba haukuwa ushujaa. Lilibaki azimio moja halina mtu, pilau ilikuwa inanukia, nikaona tukimalizana nalo tutakula. Azimio lilisema mfongo wa kitongoji chetu, mfereji wetu wa kumwagilia uliojaa matope, usafishwe kabla kiangazi hakijakaza, maji yafike tena kwenye migomba ya vihamba vya chini. Wakaniandika jina. Nikala.

Mfongo huitishiwa msaragambo, kazi ya pamoja ya wote. Mtu anatoka alfajiri, anapita njia zote akiita kwa sauti watu waje na majembe, na aliyeitwa mlangoni kwake hana pa kujificha. Sasa mimi ni mtu wa nyumbani. Kufika getini tu ni safari inayotaka maandalizi. Basi nikakaa kwenye kochi, nikaandika kwenye grupu letu la simu: "Wapendwa, Jumamosi saa moja asubuhi, mfongoni." Madole gumba ya kukubali yakamiminika. Bibi jirani yangu, anayeishi peke yake mwisho kabisa wa mfongo na ambaye migomba yake ndiyo ilikuwa inakauka, hana simu ya namna hiyo. Yeye nilimwambia kwa mdomo, tukiwa kwenye ua.

Jumamosi kukawa na manyunyu. Nikajisemea, grupu zima litakuwepo, jembe langu moja la nini? Nikavuta blanketi. Mchana nikaiandikia kamati ya ule mkutano: "Utekelezaji unaendelea vizuri."

Jumapili, tukitoka ibadani, bibi akanisimamisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hivi jana wenzetu walipotelea wapi? Nilingoja weee, nikaona nianze mwenyewe. Nimefika kwenye lile jiwe kubwa, nguvu zikaisha."

Viganja vyake alikuwa amevifunga vipande vya khanga. Hakunilaumu, alidhani nilikuwa naumwa.

"Umepona lakini?"

Nikasema nimepona. Uongo wa pili ndani ya siku mbili, na huo niliusema nimeshika kitabu cha nyimbo.

Nyumbani mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Umewaita Wachagga mfongoni kwa simu? Hata mimi nilikuwekea dole, na nilikuwa nimelala pembeni yako!"

Jioni hiyo nilikata jani la isale, lile tunalobeba kuomba msamaha, ambalo anayeletewa hawezi kulikataa. Nikaenda kwa bibi, nikamweleza yote, mpaka blanketi. Alilipokea, akaligeuzageuza.

"Nimekusamehe," akasema. "Ningefanyaje, na umeniletea isale? Ila migomba yangu hukuiletea kitu."

Jumamosi iliyofuata nilipita njia zote kabla ya jua, sauti ikinitoka kama jogoo mwenye mafua.

"Kumbe una miguu!" jirani mmoja akanipigia kelele kutoka jikoni kwake. Lakini alitoka na jembe, na wengine wakatoka.

Saa saba mchana maji yalilipita lile jiwe, yakaingia kwa bibi. Migomba miwili ilikuwa imeshaanguka, mingine ikanywa. Bibi akawashukuru watu mmoja mmoja, akaishia kwangu.

"Na huyu mwanangu, ndiye aliyetuita."

Basi. Na yeye alijua yote. Wakanishangilia, nami nikainama kama ninayetafuta jembe langu, nimelishika mkononi.