Siku Kumi na Sita Nje ya Wodi ya Wanawake

Wanajumuiya, wengi mmeniuliza kwa nini tuliondoka Usevya bila kuaga, wakati mpunga ulikuwa unaiva na ndege wameshaanza kuushukia. Jumamosi ile mke wangu Skola alishindwa kuvaa viatu vyake vya kanisani. Miguu ilikuwa imejaa kama mikate. Jumapili asubuhi hata macho yalikuwa hayafunguki vizuri. Zahanati wakapima mkojo, wakaandika barua, wakaniambia, "Figo. Mpeleke Mpanda, na usingoje keshokutwa."

Nyie mnanijua mimi Deo, darasa la saba na ndoto nyingi. Daftari langu lina picha ya pawatila ya kulimia ambayo sijainunua na nyumba ya vigae ambayo sijaijenga. Jumapili ile sikuchora kitu. Nilifunga nguo mbili mbili kwenye begi, nikaweka rozari mfukoni.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, tulikuwa ndani ya basi. Katekista alitufuata akiwa bado na ndala za bafuni, akamwekea Skola mkono kichwani kupitia dirishani. Konda akapiga mlango. "Mzee, malizia, Mungu ameshasikia!" Katekista akamalizia.

Tulipoingia hifadhini tulifunga madirisha yote kwa ajili ya mbung'o. Joto likapanda, na pumzi za Skola zikawa fupi fupi, kama mtu aliyetoka kukimbia. Nikampepea na ile barua ya zahanati. Katikati ya pori basi likasimama. Tembo saba walikuwa barabarani, wanakula bila haraka.

"Piga honi!" akasema mama mmoja mwenye gunia la mchele.

"Njoo upige wewe, mama. Mimi nina watoto," dereva akajibu, akazima injini.

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, halafu nikamtazama Skola nikaacha. Midomo yake ilikuwa imekauka. Nikasema kimoyomoyo, Bwana, hawa ni wa kwako, waambie wapishe. Hawakupisha mpaka waliposhiba, karibu saa nzima. Nilijifunza kuomba pole pole siku hiyo, maana kila nikimaliza sala na kufumbua macho, tembo walikuwa palepale.

Mpanda tulifika saa saba mchana. Hospitali wakampokea haraka, wakamtundikia dripu, wakamsukuma hadi wodi ya wanawake. Mlangoni nesi akanizuia kwa mkono. "Kaka, wanaume mwisho hapa. Utamwona saa ya kuona wagonjwa. Tafuta ndugu wa kike amuuguze."

Ndugu wa kike alikuwa mmoja tu wa karibu, mama yake mzazi, kule Litapunga. Alipelekewa habari, akafika jioni ile ile na mkeka, ndoo, na chupa ya kuwekea uji wa moto.

Hapa nawaeleza vijana mliokulia mjini. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani. Nikikutana naye njiani mimi naingia majanini, yeye anajifunika kanga. Hatuli chungu kimoja wala hatusemezani. Si ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Basi mama akakaa ndani ya wodi, mimi nikakaa nje, na katikati yetu akawa Bi Mwajuma, mke wa muuza duka wa mjini pale, aliyekuwa anamuuguza dada yake kitanda cha jirani.

"Mkweo anasema lete sabuni," ananiambia mlangoni. Dakika tano baadaye, "Mkweo anasema si ya unga, ya kipande. Jamani nyie, mbona mmenifanya mnara wa simu!"

Usiku nililala kwa Mzee Kalisti, fundi baiskeli wa parokia ya mjini, ambaye alinipokea hata jina langu hajalijua. Nilipokuwa najigeuza geuza kwenye mkeka akaniambia, "Lala wewe. Mungu ndiye mwenye zamu ya usiku."

Siku ya tatu kipimo cha figo kilishuka kidogo, ikawa nafuu. Daktari, dada mpole mwenye miwani, akanikuta mlangoni.

"Deo, kuna dawa yoyote ya kienyeji ametumia?"

"Hapana, daktari. Sisi ni Wakristo."

Akatabasamu. "Sijauliza dini. Nimeuliza dawa."

"Hapana kabisa," nikasema.

Kesho yake mama alienda Litapunga kubadilisha nguo, akarudi jioni. Siku ya saba kipimo kikapanda. Siku ya tisa kikapanda zaidi. Daktari hakutabasamu tena. "Kikipanda tena Ijumaa, tunampeleka Mbeya akasafishwe damu kwa mashine. Jiandae."

Saa ya kuona wagonjwa nikaingia. Skola alikuwa amevimba mpaka pete imemezwa na kidole. Akaniita nisogee.

"Ile nyumba yako ya vigae," akasema, "mlango usiuelekeze barabarani. Vumbi."

"Utanionyesha mwenyewe pa kuuweka."

"Nimeshakuonyesha."

Alisema kama mtu anayekabidhi funguo. Nilitoka nikaenda kanisani kwa miguu, nikapiga magoti mbele ya tabernakulo. Maneno yote niliyofundishwa tangu komunyo ya kwanza yakanikimbia. Nikabaki nasema "Skola, Skola," kama vile Mungu hamjui.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Bi Mwajuma akaniletea ile chupa ya uji niioshe, maana mama alikuwa anafua. Pale bombani nikaimimina. Maji yalitoka mekundu, halafu vikafuata vipande vya mizizi, vyembamba kama kamba za mkeka. Nikanusa. Uchungu ule ulinifika kooni.

Nilisimama pale bomba linamwagika. Nikimpelekea daktari chupa, mama ataulizwa mbele ya wodi nzima, na watu wataondoka wanasema ni mwanamke aliyemwekea mwanawe sumu. Nikimtuma Bi Mwajuma, ni kama nimetangaza sokoni. Nikinyamaza, kesho ni Ijumaa.

Nikafunga bomba, nikaenda kwenye kamba za kuanikia nguo. Mama alikuwa upande wa pili wa shuka lililoanikwa. Naona nyayo zake tu na ndoo.

"Mama," nikasema.

Nyayo zikaganda. Nikasikia kanga inavutwa. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "We ndoo, hebu muulize huyo mtu, amepotea njia?"

Nikaona amenifungulia mlango kidogo. "Ndoo, mwambie mama sijapotea. Mwambie nimeosha chupa ya uji."

Maji ya shuka yalikuwa yanadondoka. Nikayahesabu mpaka nikapoteza hesabu.

"Ndoo, mwambie mizizi ile ilimtoa baba yake Skola uvimbe. Ilimtoa, akalima miaka mingine. Mwambie sikuwa naimimina hivi hivi. Kila kikombe na Salamu Maria yake."

"Mwambie mama sisemi amefanya vibaya. Mimi ndiye niliyeulizwa na daktari nikasema hapana, wala sikuwa nimemuuliza mtu. Mwambie nataka kujua tu ni tangu siku gani, na ni vikombe vingapi."

Shuka likasogea. Hakusema na ndoo tena. "Kwani ndiyo inayomuua mwanangu?"

"Sijui, mama. Twende tukaulize."

Tulikwenda, yeye mbele, mimi hatua kumi nyuma, nimebeba ile ndoo. Nje ya chumba cha daktari kulikuwa na benchi moja tu. Tulikaa ncha hii na ncha ile, kila mmoja anatazama ukuta wake. Mama alieleza yote, tangu jioni ile aliyorudi kutoka Litapunga, na daktari alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Asante, mama," akasema. "Hili kipimo kisingeniambia. Figo zikiwa zimechoka, dawa kama hii inaweza kuzimaliza. Tuache yote. Hata majani ya chai."

Mama alilia kwenye kanga yake bila sauti. Nilitaka kumshika bega. Nikamsogezea ndoo badala yake.

Ijumaa kipimo hakikupanda wala hakikushuka. Daktari akakitazama mara mbili. "Nawapa mpaka Jumatatu. Zaidi ya hapo siwezi kusubiri."

Jumamosi na Jumapili tulisali rozari, mama ndani dirishani, mimi nje chini ya dirisha. Yeye anaanza, mimi naitikia. Ndiyo mara ya kwanza nimesikia sauti yake kwa urefu wote ule, na inafanana na ya Skola. Bi Mwajuma alikaa karibu na tasbihi yake. "Endeleeni, mimi napitia njia nyingine," akasema. "Tutakutana mbele."

Jumatatu, saa nne asubuhi, nesi yule yule aliyenizuia siku ya kwanza akatoka wodini ameinua chupa ya kupimia kama mtu aliyeshinda kombe. "Kaka! Mkeo amekojoa! Chupa nzima!"

Nikapiga kelele koridoni, "Amekojoa!" Watu wote waliokuwa foleni ya kliniki wakageuka kunitazama. Bibi mmoja akapiga vigelegele bila kujua ni vya nini. Mchana kipimo kikarudi, kimeshuka.

Siku ya kumi na sita tukaruhusiwa. Skola alikuwa amekonda, uvimbe umemtoka na mashavu umeondoka nayo. Mama alibeba mkeka wake kurudi Litapunga. Nikiwa nimesimama mbali, majanini kama inavyopasa, Bi Mwajuma akanijia anajizuia kucheka. "Mkweo anasema, ile siku ya kamba imepita. Usizoee."

Safari ya kurudi Usevya haikuwa na tembo hata mmoja. Skola alilala begani kwangu hifadhi nzima. Shambani nilikuta wanajumuiya mmelinda ndege kwa zamu wiki zote mbili, na hakuna aliyeniambia mpaka nilipoona nyayo zenu tuta kwa tuta. Mungu awalipe. Mimi sina maneno.

Hajapona kabisa. Kila mwezi ni Mpanda, vidonge, na chakula bila chumvi. Nilichojifunza nakisema kwa aibu. Siku ile nilimjibu daktari haraka kwa sababu sikutaka tuonekane watu wa mizizi, na aibu ile nikaivika jina la imani. Mungu nilimwomba muujiza kwa siku kumi. Alichonipa ni shuka la kujifichia nyuma yake niulize swali moja.

Juzi jirani mmoja mwema ametuletea chupa ya dawa ya kusafisha figo, imechemshwa usiku kucha. Skola alimshukuru kwa mikono miwili. Jioni nikamuuliza, kama ninavyomuuliza kila siku, leo umekunywa nini.

"Maji na vidonge. Utaniuliza mpaka lini?"

"Mpaka unichoke."

"Nimeshakuchoka," akasema, akajifunika shuka. Halafu akalishusha kidogo. "Kesho uniulize tena."