Mwili Uliokataa Penisilini

Nilifungua chupa ya dawa ya mwanangu, ile harufu kali ya penisilini, kama ya ukungu, ikanipanda puani. Nikaketi kwanza.

Nilikuwa mdogo, na jipu la mguuni lilikuwa kubwa hata mama akanibeba mgongoni kutoka mtaa wetu wa Bombambili mpaka mtaa wa Msamala kutafuta dawa. Siku hizo maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yameanza kufunguliwa kila mahali, na dawa zilikuwa tele. Ila mwili wangu ulikuwa haupatani na penisilini. Niliwahi kuchomwa sindano moja nikavimba uso mpaka macho yakajifumba, pumzi ikanikatika.

"Hii siyo penisilini, mama," muuzaji wa duka la kwanza alimwambia mama, akimpa vidonge vya rangi mbili. "Ni dawa mpya."

Mama akavinusa. "Na ile sindano iliyomvimbisha uso, nayo uliniambia ni mpya."

"Basi sina nyingine."

Maduka yote yalijibu hivyohivyo. Tukarudi nyumbani. Kila alipotoka shamba, mama alichemsha maji ya chumvi akanikanda. Nikilia alisema tu, "Vumilia, baba." Sauti ya kubembeleza ilikuwa imemwishia.

Mchana mmoja jipu likapasuka. Nilidhani angefurahi. Alinisafisha mguu, akaufunga kitambaa, akajilaza palepale mkekani na kanga yake iliyolowa, usingizi ukamchukua. Baba aliporudi akaulizia chakula, nikaweka kidole midomoni kumwashiria asimwamshe mama. Akamtazama mama, akavua viatu, akaenda kuwasha moto mwenyewe.