Siku Niliyokwenda Mikumi na Ufunguo wa Stoo ya Msiba

Kuna aibu ambazo mtu akishazisimulia mara mbili tatu zinageuka kichekesho, lakini hii yangu nimeisimulia mara nyingi na bado nikifika katikati sauti inashuka, kwa hiyo mtanivumilia.

Kilosa nilifika kwa treni nikitokea Kigoma, na nyuma ya safari hiyo zilikuwepo nyingine nyingi: nilimaliza kidato cha nne kwetu Makambako, nikaenda Uvinza kwenye chumvi, nikaingia biashara ya asali Tabora, nikahamia Kigoma, na kila nilipokaa mwaka miguu ilianza kuwasha. Wala sikuwa nakuja Kilosa. Treni iliharibika pale, nikashuka kutafuta chai, nikasikia Kilangali kwenye shamba la mbegu wanachukua vibarua, na chai ile ikachukua miaka sita.

Nilipanga chumba kwa Mzee Elia na mkewe Mama Yusta, watu wa Mamboya walioteremka mjini zamani. Mzee Elia ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, na mwaka wangu wa pili akanikabidhi ufunguo wa stoo yenye turubai, masufuria makubwa, mabenchi na sepeto. Wenzake walipomuuliza kwa nini ampe mtu wa kuja, akajibu, "Huyu ana miguu myepesi. Mwenye ufunguo wa msiba haondoki hovyo." Walicheka, nami nikacheka, ila nilijua nimefungwa, tena kwa heshima. Humo stoo zilikuwemo pia mbao za mninga alizojinunulia kwa ajili ya jeneza lake mwenyewe (alikuwa mtu wa kujiandaa, hata kuni za masika alizipasua kiangazi).

Nilipovuka miaka arobaini nikaanza kumkumbuka sana baba. Alikuwa ananibeba mbele kwenye bomba la baiskeli yake, nikisikia pumzi zake kisogoni tukipanda kilima. Alifariki nikiwa Uvinza, habari zikanifikia ameshazikwa. Nikaamua nitarudi nyumbani kuliona kaburi lake, na nitakwenda kwa baiskeli: Kilosa hadi Mikumi, Ruaha Mbuyuni, nipande Kitonga, Iringa, Mafinga, mpaka kwetu.

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda vitani. Nilikuwa na daftari lenye kila kituo cha kulala. Masanja, fundi baiskeli Msukuma pale sokoni, alinibadilishia spoku zote za nyuma na kuchomelea keria nene. Nikanunua tyubu mbili, viraka, gundi, pampu, sufuria ndogo, chandarua, na kule mitumbani nikaokota kaptula ya kubana ya waendesha baiskeli, rangi ya chungwa (nilijiona nimependeza, naomba tusiongee zaidi). Tatizo ni kwamba nilikuwa nimetangaza siku ya kuondoka mara tatu na mara zote nikaahirisha, hadi wanakwaya wenzangu wakaanza kuniita Kesho.

Masanja akaniambia, "Kaka, mzigo haupimwi umesimama. Funga vyote, nenda Mikumi, lala, rudi. Ukiona umekaa sawa, ndiyo ufunge safari. Na hiyo ya kujaribu nayo uage."

"Niage nini, na kesho nipo hapa?"

"We aga tu."

Sikuaga. Niliona nikiaga halafu keria ikang'oka pale kijiji cha Ulaya, njiani tu, Zakaria wa besi kwayani atanicheka mpaka Pasaka. Ijumaa alfajiri nikatoka kimyakimya na mzigo wote, simu nimeizima ili nijizoeze kutunza chaji, na ufunguo wa stoo nimeutia kwenye pete moja na wa kufuli la baiskeli, usije ukapotea.

Mzigo ulikaa vizuri ajabu. Mikumi jioni nilikaa kwa mama lishe mmoja kando ya barabara kuu, nikawaambia madereva wa malori kwamba naelekea Makambako, kana kwamba safari yenyewe imeshaanza. Dereva mmoja akanitazama kuanzia juu mpaka chini akauliza, "Kwa kaptula hiyo?" Nililala na furaha ya mtoto.

Jumamosi alasiri nikaingia mtaani kwetu. Nikaona watu wengi wamejaa uani kwa Mzee Elia, nikafikiri wamegundua nimekwenda Mikumi na kurudi, wamekuja kunipokea. Nikapiga kengele. Nikaipiga tena, kwa mbwembwe.

Hakuna aliyecheka. Zakaria akaja akashika usukani. "Teremka taratibu," akasema. "Mzee Elia amefariki jana saa nne asubuhi."

Yaliyotokea niliyapata kwake, kwa sauti ya chini, huku bado nimeshika breki. Presha ilipanda ghafla. Watu walikuja chumbani kwangu kuchukua ufunguo, wakakuta baiskeli haipo, mzigo haupo, simu haipatikani. Wengine wakasema nimeondoka moja kwa moja bila kuaga. Mama Yusta akakataa, akasema hawezi kuondoka na ufunguo wa msiba, msubirini. Wakasubiri. Mvua ikanyesha mchana kutwa, waombolezaji wa kutoka Mamboya wakabanana chini ya paa la baraza, turubai liko ndani, na seremala amekaa na randa yake akingoja zile mbao. Giza lilipokaribia ndipo Mama Yusta mwenyewe akasema, "Basi, kateni kufuli." Jeneza likapigiliwa usiku kucha kwa tochi.

Nikasimama pale na kaptula ya chungwa mbele ya jeneza la mtu aliyeniamini. Mama mmoja akanirushia kanga nijifunge kiunoni, na nikamzika Mzee Elia nimevaa kanga. Sepeto hata sikuigusa. Niliponyoosha mkono kuiomba, wachimbaji walipeana wenyewe kwa wenyewe.

Jioni nikapiga magoti mbele ya Mama Yusta. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mzee aliuliza ulipo. Nikamwambia uko sokoni, unarudi sasa hivi."

Hilo tu. Mpaka leo ndilo linaloshusha sauti yangu.

Ufunguo wa kufuli lililokatwa niliurudisha mbele ya wanachama wote. Safari nikaiahirisha mara ya nne, na safari hii hakuna aliyeniita Kesho. Nilikaa mpaka arobaini ikapita, nikichota maji na kupasua kuni za nyumba ile.

Siku niliyoondoka moja kwa moja niliaga nyumba kwa nyumba, asubuhi yote, nimevaa suruali ndefu. Kwa Mama Yusta nilimalizia. Akanitazama, akautazama mzigo, akasema, "Toa mifuko nje."

Nikaigeuza mifuko yote ya suruali, pale mlangoni, mbele ya Zakaria na Masanja. Kikaanguka kiraka kimoja cha tyubu. Mama Yusta akakiokota, akakipangusa kwenye kanga yake, akanirudishia. "Nenda kamwone baba yako," akasema.

Nilimwona. Na tangu siku hiyo, hata nikienda dukani kununua chumvi, huwa nasimama mlangoni kwanza, nageuza mifuko, na kumwambia aliyepo ninakokwenda.