Nilivyofundishwa udaktari wa familia nje ya chumba cha mwali, Kurui

Wakuu, salaam kwenu nyote humu ndani.

Ninachoandika ni kweli mwanzo mwisho. Majina nimeyaacha kwa makusudi, maana wahusika ni watu wa watu na bado nakula ugali wao.

Mimi ni daktari, niko masomoni, family medicine. Kwa kifupi tunafundishwa kumtibu mtu pamoja na nyumba yake, hasa kule ambako hakuna X-ray wala bingwa wa kukimbilia. Wenzangu niliomaliza nao chuo wanasomea moyo na upasuaji, wananitania: "Kwa hiyo unaongeza digrii ili urudi dispensary?"

Nilikuwa nawajibu kwa mdomo tu. Moyoni nilihisi wana hoja.

Darasani tunakaa Tumbi, Kibaha, halafu tunatawanywa vijijini Kisarawe. Mimi nikaangukia upande wa Kurui. Mihogo, mikorosho, watu wakarimu. Kituoni nilikuwa na nesi mmoja, dada wa Kigoma, mgeni kama mimi.

Asubuhi moja akaja mama kuomba dawa ya hamu ya kula. Si yake, ya binti wa kaka yake. Nikamwambia amlete.

"Haletwi, daktari. Ni mwali, yuko ndani."

Kwa wasiojua: Uzaramoni binti akikua anawekwa ndani, anafundwa na somo wake, yaani kungwi. Siku hizi wengi wanafanya wakati wa likizo ili asikose shule. Hatoki wala haonwi na wanaume wa nje mpaka siku ya kuchezwa, yaani ngoma ya kumtoa nje, na siku hiyo anatakiwa awe amenawiri. Huyu alikuwa anakonda, na ndugu walikuwa wanaona aibu.

Nikauliza, maji anakunywa?

"Anamaliza ndoo, mwanangu. Na kila saa anaomba kwenda kujisaidia."

Hapo nikaacha kuandika. Binti mdogo, kiu, mkojo, kukonda. Hiyo ni sukari mpaka ithibitike vinginevyo, na sukari ya watoto haina subira. Leo anaongea, kesho amezimika.

Tukapanda bodaboda, mimi na nesi. Yeye akaingia ndani na kipimo, mimi nikakaa barazani na baba wa binti.

Nesi akatoka uso umebadilika. Kipimo hakikuandika namba, kiliandika "Hi", yaani sukari imepita uwezo wake wa kusoma. Binti anahema mbio mbio na kujibu anajibu kwa tabu. Sisi dripu tunayo, insulini hatuna. Asipofika hospitali siku hiyo hiyo, tunampoteza.

Nikamgeukia baba, nikamweleza taratibu. Hakusita. "Mchukue, daktari. Namwachia Mungu na wewe."

Mimi ni mtu wa Mbozi. Kwetu baba akisema ndiyo, mjadala umefungwa. Ambulance ilikuwa imempeleka mama mjamzito, nikatafuta pickup ya jirani, ikaja, ikageuzwa, ikasubiri.

Binti hatolewi.

Wanawake wanapita, wananiuliza kama nitakunywa chai. Chai! Nikapandisha sauti kidogo. Wakarudi jikoni, na baba mwenyewe akawa anaangalia chini.

Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila hawasemi mgeni aanzie kwa nani.

Kuna mwalimu wetu mmoja ana kauli yake: mkikwama kwenye nyumba ya mtu, acheni kuuliza ugonjwa, ulizeni anayeamua ni nani. Darasani tuliona ni maneno ya kujaza muda. Nikaenda nyuma ya nyumba kwa bibi mzaa mama wa binti, aliyekuja kwa ajili ya mwali, nikachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo bibi. Nimemkosea nani?"

"Marahaba. Hujamkosea mtu, mwanangu. Baba kasema lake. Lakini mwali huyu ana mjomba, na mjomba hajaambiwa. Sasa mimi nikwambie hayo mbele ya mkwe wangu, nimvunjie heshima?"

Mjomba ni fundi magari Kibaha, Maili Moja. Mtandao unashika kwenye mwinuko, kule kwenye mikorosho. Nikachukua namba, nikakimbia na bibi akanifuata. Nikampigia, nikasalimia kwanza, nikaeleza.

Akauliza kitu kimoja: "Atapona?"

"Akienda leo nina matumaini makubwa. Akibaki, sina la kukuahidi."

"Mpe mama yangu simu."

Sikusikia walichoongea. Ila bibi aliporudi alitoa maagizo matatu manne, na nyumba nzima ikasimama. Binti akatoka amefunikwa kanga gubigubi, somo wake ubavuni, nesi nyuma, mimi mbele na dereva, tumekatazwa kugeuka. Dripu aliishika somo njia nzima, na wala mkono haukushuka.

Binti alipona. Siku hizi anajichoma sindano mwenyewe. Nyumbani hawana friji, kwa hiyo insulini inakaa kwenye chungu chenye mchanga uliolowa maji, kivulini. Kuchezwa akachezwa, na shule amerudi.

Nilichojifunza, wakuu: ugonjwa niliutambua nikiwa kwenye kiti changu, na bado mtoto angenifia ndani huku gari linanguruma. Ile nyumba haikuwa inapinga hospitali. Ilikuwa inasubiri aulizwe mwenye neno. Nikienda nyumba ya mtu sasa hivi, hilo ndilo swali langu la kwanza.

Wiki iliyopita nikiwa kituoni simu ikaita. Yule mjomba.

"Daktari, nyumba ya tatu kutoka kwa shemeji yangu hapo Kurui kuna mwali anakohoa muda mrefu. Nimeshaongea na mjomba wake. Nenda na nesi wako, mnasubiriwa."

Siwafichi, nilikaa kwenye benchi machozi yakanitoka.

Manesi, madaktari, walimu, maafisa kilimo mlioko vijijini: kwenu huko neno la mwisho ni la nani, na nyie mlilijuaje? Karibuni. Na Wazaramo wenyewe, nilipokosea nisahihisheni.