Picha Mbili za Ini la Mama

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu mjini Kisii. Mama alishuka kutoka Gesima akilalamika kwamba kilima cha nyumbani kinammaliza pumzi. Daktari alimbonyeza tumbo, akaligusa ini chini ya mbavu. Eksirei ikaonyesha vivyo hivyo.

"Limekua," alisema, kisha akamuuliza kama anakunywa pombe.

Mama alikuwa shemasi wa Wasabato, na ndiye aliyeoka mkate wa meza ya Bwana. Aliporudi nyumbani akampa shemasi mwenzake kazi hiyo. "Aoke mtu asiyeshukiwa," alisema.

Shangazi, dada yake baba, hakumsaidia. "Kumbe ukijifungia jikoni, wifi, unajifungia na mtungi wa busaa!"

Mama, aliyezoea kumjibu, safari hii aliinama akachochea moto.

Nikampeleka Nairobi. Huko walimdunga dawa mshipani, mashine ikapita polepole juu ya tumbo ikilichora ini kwa vinukta. Jibu: ukubwa wa kawaida. Nilirudi na picha mbili zinazopingana, nikazipeleka kwa daktari mwingine mjini Kisii. Nilimuuliza ipi inasema uongo.

"Pengine hakuna," alisema. Akaagiza mama apigwe picha ya kifua, akaitundika mbele ya taa kando ya zile mbili. Mapafu yalikuwa yamejaa hewa isiyotoka vizuri, yakarefuka na kulisukuma ini chini. Ini halikuwa limekua. Lilikuwa limeshuka tu.

"Mama, jikoni kwako kuna dirisha?" daktari aliuliza.

"Dirisha la nini? Moshi ukitoka, wimbi wa darini utakaushwa na nini?"

Daktari akamweleza kwamba moshi huo ndio uliomharibia mapafu, na kwamba asipouacha atazidi kukosa pumzi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo si ini la mlevi?"

"Si la mlevi."

Huko Gesima, hata mkoba hajautua, alimwita shangazi. "Wifi, ini langu ni zima! Kilichoharibika ni mapafu, kwa moshi wa kukupikia wewe."

Baba alitoboa dirisha jikoni wiki hiyo hiyo. Siku ya kuoka ilipofika, mama alikanda unga mwenyewe, akakaa mbali upande usio na moshi, na shangazi akawekwa kwenye moto uani.

"Wifi, macho yangu!"

"Vumilia. Mimi nimevumilia tangu niolewe kwenu."